Kutu ya Kerubo

Sabato, jioni

Na mimi nilidhani ni uchafu.

Msichana wangu Kerubo ametengeneza mfano mdogo wa behewa la zamani la reli nyembamba, la aina inayojiendesha bila kuvutwa na injini. Ameukata kwa mabati ya debe, akifuata picha za zamani alizotafuta miezi mingi kwenye simu. Behewa hilo linazunguka kati ya mboga zangu za managu kwenye reli zake ndogo. Kanisa lote limesikia. Nani mwingine hapa Magwagwa amezaa fundi kama huyo?

Jana nikiandaa nyumba kwa Sabato nilisugua sufuria, kisha nikaona behewa lina kutu na masizi. Na wageni wanakuja! Nikalisugua na stilwaya ileile ya kusugulia sufuria mpaka likang'aa.

Leo akina mama wamekuja kutoka kanisani. "Mama Kerubo, hii kitu inameremeta kama sufuria ya harusi!"

Nikajipiga kifua. "Kwangu hakuna uchafu."

Kerubo alipoliona alilipapasa ubavuni kwa kidole. Kisha akawaambia, "Mama ndiye ameling'arisha." Wakapiga makofi.

Walipoenda nikamwuliza mbona hacheki.

"Ile kutu niliipaka mimi, Mama. Kwa brashi, kidogo kidogo, lifanane na lile la kwenye picha."

"Sasa mbona hukusema mbele yao?"

"Ungeaibika."

Miezi yote hiyo nimemsifu kwa kila mtu. Lakini kukaa naye nimwulize anafanya nini, hata mara moja...

Sasa yuko jikoni anachanganya rangi upya. Nataka kwenda kumshikia taa, na ninaogopa kubisha mlango wa jikoni kwangu mwenyewe.