Chausiku Amenisikia Nikisali

Loyce, komeo la mlango wangu lililia alfajiri nilipolifungua, nikatoka kutembea huku nasali kwa sauti, kawaida yangu.

Nyuma ya nyumba ya jirani yangu Chausiku nikasema, "Baba, nisaidie nimpende huyu mama. Mimi nimeshindwa."

Nimeshindwa! Nilitamka hivyo, Loyce!

Kumbe mwenyewe yuko nyuma ya ua wa minyaa, anatawadha. "Bibi Elina, umeshindwa nini?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamwambia ukweli: tangu mbuzi wake walipokula mihogo yangu, namsalimia kwa mdomo tu.

Akazunguka ua, akaja nilipo. Kisha akanimiminia maji yaliyobaki kwenye birika, ninawe matope miguuni. Alinishika mkono nisiteleze!

Mpaka sasa sijatulia. Maana aliniambia, "Kesho pita tena, nione kama Mungu amekusaidia."