Mwenzangu Iko Nyuma

Zaina, mjukuu wangu, mke wangu mdogo wa huko mtaani Alunguli, msalimie mama yako.

Mimi sijambo huku kazini, ila mguu ndio mgonjwa. Umeuliza kwa nini nimekubali sindano ambayo madaktari bado wanaijaribu, ya kuotesha mishipa mipya ya damu, wakati daktari mwenyewe hana hakika itauokoa.

Wakati wa vita treni ilisimama, mji wetu wa Kindu ukakosa chakula. Tukabeba mchele toka vijiji vya Pangi kupitia vijia vya porini, kila mmoja akivunja vijiti kuonyesha njia. Nilichoka, nikaacha kuvunja. Marehemu bibi yako akanifokea: "Vunja, muvivu! Mwenzako iko nyuma."

Kwa vijia vile mji ulikula.

Mshipa wangu mkubwa umeziba, tujaribu vijia. Nisipopona, nitakuwa nimevunja kijiti.

Babu yako, Ramazani