Mlango Nilioung'oa

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na kwamba unamtii daktari, ingawa nakujua, kutii hukuzoea. Sisi huku ni wazima. Wifi yako yuko na watoto wake wa chekechea, na mimi bado nakula vumbi la mbao karakana.

Nakuandikia juu ya binti yetu Kasuku. Yule aliyekuwa akikuchosha masikio kwa maswali sasa ana miaka kumi na minne, na neno linamtoka kwa taabu. Akirudi shule anaingia chumbani na kupiga komeo. Ukimwita, unaitikiwa na mlango. Wifi yako alinisihi nimwache, akisema ni umri tu, utapita. Mimi nikaona nadharauliwa ndani ya nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu. Siku alipoubamiza mpaka saa ya ukutani ikaanguka, nilichukua bisibisi, nikaung'oa mlango mzima kwenye bawaba zake, nikaubeba begani hadi karakana. Nilimwambia mlango utarudi adabu ikirudi, nikampa wiki tatu.

Hakulia wala hakubisha. Alitundika shuka mahali pa mlango, akawa anavalia bafuni. Na kweli alibadilika. Alinisalimia kila asubuhi, aliosha vyombo bila kuambiwa, alikaa nasi sebuleni kama mgeni, mikono mapajani. Wifi yako alisema hapendi kumwona hivyo. Mimi nilivimba kichwa, nikaanza kuwafundisha wateja namna ya kulea.

Wiki tatu zilipotimia alikuja karakana, akauliza kwa upole kama amefaulu. Nilimjibu kwamba adabu bado kidogo. Akataka kujua amekosea wapi. Nikamwambia ajichunguze mwenyewe.

Sasa dada, nakueleza jambo ambalo hata wifi yako nilimficha. Mlango haukuwepo. Wiki ile ya kwanza alikuja msusi mmoja ambaye mlango wa saluni yake ulikuwa umevunjwa, anataka mwingine siku hiyohiyo, na unajua milango yangu yote ni kipimo kimoja. Nikamuuzia ule wa mtoto, nikijiambia nitatengeneza mwingine mapema. Kazi zikanibana, siku ikafika sina kitu, nami nikaona aibu kusema. Kosa langu nikamtwisha yeye.

Kesho yake nilikuta karatasi juu ya meza yangu ya kazi. Alikuwa ameandika makosa yake yote, tisa, na pembeni ameacha nafasi niweke alama kwenye lile lililobaki. Mengine sikuwa nayajua kabisa. La tisa aliandika kwamba labda ni kwa sababu siku hizi hacheki. Nililia, dada, randa ikiwa mkononi.

Nilifunga karakana mchana kweupe, nikamngoja kwenye geti la shule, nikamwambia yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama yale makosa ambayo sikuyajua bado yanahesabika. Nikasema hapana. Akasema basi nimrudishie karatasi yake. Nilimpa. Nilitaka kumbebea begi, akakataa, tukarudi nyumbani yeye mbele na mimi nyuma.

Mlango mpya nimeuanza jana. Amekuja kuutazama mara moja, akasema anataka komeo la ndani, tena kubwa, nami nitalitia. Hajanisamehe, na sitamharakisha. Mama yake naye nimemweleza.

Wifi yako anakusalimu sana, anauliza lini utakuja kututazama. Kasuku pia anakusalimu, ila amesema salamu zake zikae mstari wa peke yake, zisichanganyike na zangu.

Shikamoo, shangazi.

Ndimi mdogo wako,
Seremala