Nilichoandika Kuhusu Shati la Nahodha

Jumapili, jioni. Mvua imekatika muda si mrefu na mawe ya huku mlimani Kirumba bado yanang'aa kwa maji. Majirani wameanza kutoa majiko nje. Nimekaa kitandani na simu, mlango nimeufunga kana kwamba jambo lenyewe bado halijatokea.

Limeshatokea. Ndiyo maana naandika.

Anayepita kwenye ukurasa huu kwa mara ya kwanza ajue: mchana nauza kwenye duka la dawa, jioni naangalia televisheni na kuisema. Msimu huu nimesema mengi. Nimekisema kile kichekesho cha Kijiji Kimehamia Mjini, ambacho mtu wa bara akifungua mdomo na kusema "nimekura" badala ya "nimekula," basi utani umekwisha hapo, hakuna kingine nyuma yake. Mama yangu anaongea hivyo na si mjinga. (Ila mama huyo huyo hukicheka kichekesho hicho mpaka anafuta machozi kwa kanga. Hilo sikuwahi kuliandika, kwa sababu lingeniharibia hoja.) Nimeisema na ile tamthilia ya matajiri wa Dar wasiofanya kazi yoyote, wanashuka ngazi tu na glasi ya juisi mkononi, wanazabana vibao, na kila kibao kinaonyeshwa tena kwa upande wa pili tusije tukakikosa. Watu walicheka, wakanipongeza. Nikaanza kujiona mimi ndiye mwenye macho.

Halafu ikaja Penzi la Ng'ambo.

Hii imechezwa huku kwetu. Binti anaishi Ilemela kwenye nyumba ya juu ya mawe, mpenzi wake yuko kisiwani, na ziwa liko katikati. Waliokuja kuipiga picha walihitaji mtu wa kuwaendeshea mtumbwi, wakaelekezwa kwa kaka yangu Deo, fundi wa injini za mitumbwi pale Mwaloni. Wakaipenda sura yake, wakampa na nafasi ya kuigiza: nahodha. Maneno machache, kofia moja. Mtaa mzima ulifurahi. Mama alisogeza kiti chake karibu kabisa na televisheni.

Sasa inabidi niseme habari ya baba, ambayo sijawahi kuiandika mahali popote.

Baba alikufa ziwani. Mtumbwi aliopanda kutoka Nansio, kule kisiwani, ulipinduka, na Deo alikuwa naye. Deo alikuwa darasa la tatu, mimi sijaanza shule. Wavuvi walimwokota Deo akielea na dumu tupu. Baba alipatikana siku nyingine, ufukweni. Deo alikaa muda mrefu bila kutoa neno lolote, na alipoanza kuongea, hilo hakuliongea. Mama hakumuuliza. Nimekua nikijua kwamba nyumbani kwetu hilo haliulizwi.

Ijumaa, kwenye Penzi la Ng'ambo, mtumbwi ulipinduka.

Mama hulala mapema, yeye husubiri marudio ya Jumapili alasiri. Kwa hiyo niliangalia peke yangu. Deo hakuwa ameniambia kitu. Nilimwona kaka yangu kwenye maji, kofia imetoka, vinanda vinalia nyuma yake kama harusini, na yule binti wa Ilemela anapiga kelele huku rangi ya mdomo iko palepale. Kulikuwa na mtoto mdogo kwenye ule mtumbwi. Nahodha akavua shati, akalisokota, akalipitisha kwenye mshikio wa dumu na kumfunga nalo mtoto mkono, fundo akalikaza kwa meno. Akalisukuma dumu. Kisha picha ikarudi kwa wapenzi wetu, na nahodha hakuonekana tena.

Nilikasirika kwamba wamemchukua mtu aliyenusurika ziwani wakamzamisha kwa ajili ya penzi la watu wenye nywele za bandia. Kwa hasira hiyo nikaandika. Niliviandika vinanda, niliandika rangi ya mdomo, halafu nikaandika hivi: "Na nahodha anavua shati! Nani anapata nafasi ya kuvua shati ziwa likichafuka? Aliyeandika mchezo huu hajawahi hata kulowa miguu."

Wasomaji walilipenda hilo kuliko yote. Mmoja aliuliza kama nahodha alikuwa anakwenda kuoga. Mwingine akasema labda shati lilikuwa la kuazima, hakutaka liloe. Nilicheka. Nilijibu kwa vicheko.

Jana Deo alikuja dukani. Alisubiri mpaka mteja akaondoka, akaweka simu yake juu ya kaunta, ukurasa wangu ukiwa wazi.

"Edi, umeandika nini hapa?"

Nikamwambia sikumwandika yeye, nimemwandika mtunzi. Nikamwambia hata yeye anajua kwamba vitu vile havifanyiki.

"Hilo la shati halikuwa kwenye karatasi zao," akasema.

Sikumwelewa. Au nilimwelewa, nikakataa. Alirudisha simu mfukoni, akafika mlangoni, akageuka. "Kesho mama asiione ile sehemu. Fanya unavyojua, lakini asiione."

Nilibaki nimeshika boksi la panadoli, sijui nililishika la nini. Kaka yangu hanipi amri. Hajawahi. Na jana sauti yake haikuwa ya kuamrisha pia. Ilikuwa ya mtu anayeogopa.

Leo basi. Tumetoka kanisani, tumekula ugali na sato, na mimi kila tonge naangalia saa ya ukutani. Nikamwambia mama twende tukamsalimie mama mdogo kule Pasiansi. Akasema mama mdogo atamsalimia siku nyingine, leo ni siku ya Deo. Nikasema mvua inakuja. Akasema ndiyo vizuri, mtu akae ndani aangalie. Alipokwenda kunawa nikapitisha mkono nyuma ya king'amuzi, nikachomoa waya wa dishi.

Niliona aibu kumdanganya mama mwenye umri ule kwa waya.

Alirudi, akakuta kioo kinaandika hakuna mawimbi. Nikasema ni mvua. Angekubali. Alikuwa ameshaanza kukubali, jamani, ameshaitafuta rozari yake akasali kidogo, ndipo hodi ikapigwa. Mama Furaha, jirani yetu wa chini, kanga kichwani, amelowa. Kifurushi chake cha king'amuzi kimeisha na hawezi kukosa Penzi la Ng'ambo. Akatazama kioo, akatazama dirishani, akasema mvua yenyewe hii haiwezi kukata mawimbi. Akainama nyuma ya televisheni. Wanawake wa mtaa wetu wanaijua mitambo hii kuliko mafundi.

"Waya umechomoka huku, Edi! Ulikuwa hujauona?"

Picha ikarudi. Wimbo wa kufungulia ulikuwa unaisha.

Sijawahi kukaa kwenye kiti nikakisikia kigumu hivyo. Mama mbele, Mama Furaha pembeni yake, mimi nyuma na rimoti chini ya paja. Kila Deo alipotokea, Mama Furaha alipiga makofi: "Mama Deo, mwanao amekuwa staa!" Mama alitabasamu. Wapenzi wakapanda mtumbwi. Wingu likaonyeshwa. Vinanda vikaanza. Nikawaza kuzima, nikawaza kuanguka na kujifanya nimezirai. Kidole kilikuwa kwenye kitufe na hakikubonyeza.

Mtumbwi ukapinduka.

Mama Furaha akapiga yowe. Niliona shingo ya mama tu kwa nyuma, imekakamaa. Deo kwenye kioo akavua shati.

"Kwani huyu naye anavua nguo za nini?" Mama Furaha akauliza.

Maneno yangu. Maneno yangu kabisa, yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine, ndani ya nyumba ya baba yangu.

"Nyamaza," mama akasema.

Nikainua rimoti. Hakugeuka, lakini alijua. "Usizime terevisheni, Edita."

Tukaangalia fundo likikazwa kwa meno. Tukaangalia dumu likisukumwa. Picha iliporudi kwa wapenzi, mama akasimama, akaizima mwenyewe. Akamwomba Mama Furaha radhi, akasema leo hatutaendelea. Mama Furaha aliangalia sura yake, akachukua kanga yake akaondoka bila kuuliza, na namheshimu kwa hilo.

"Mpigie kaka yako. Aje sasa hivi."

Deo alikuja na mvua yote mwilini. Nadhani alikuwa karibu, amesimama mahali akisubiri simu hiyo. "Shikamoo mama," akasema. Mama hakuitikia. Kwetu hilo ni jambo kubwa. Deo alibaki mlangoni, maji yanamtiririka.

"Lile shati. Nani alikufundisha?"

Deo akajifuta maji usoni.

"Deogratias. Nani alikufundisha kufunga vile?"

"Baba," akasema.

Kisha akaeleza, akiwa amesimama vilevile. Waliompiga picha walimwambia amsukumie mtoto dumu tu, basi. Lakini alipokuwa majini na yule mtoto analia, ingawa analia kwa kuigiza, mikono yake ilifanya yenyewe. Mwongozaji akafurahi, akasema iachwe hivyo hivyo. Ndipo akaeleza ya zamani. Dumu lilikuwa moja. Baba alimfunga. Deo akamwambia baba ashike na yeye, baba akashika, likazama nao wote wawili. Baba akaachia. Akamwambia asilifungue fundo hata mikono ikiuma. Wavuvi walipomwokota walilikata lile shati kwa kisu na kulitupa majini, wakamfunika koti lao. Alililia shati, wao wakadhani analia kwa baridi.

"Kwa nini hukusema?" mama akauliza.

"Nilijua ukisikia dumu lilikuwa moja utauliza kwa nini sikumwachia yeye."

Mama alikaa. Alikaa vibaya, ukingoni mwa kiti, nikamshika bega. Na hapo akasema kitu ambacho sisi wawili hatukuwahi kukisikia. Baba alipatikana kifua wazi. Msibani mzee mmoja wa ukoo alisema, mama akisikia, kwamba mtu akivua shati majini anataka kuogelea. Alitaka kujiokoa, mtoto akamwachia Mungu, na Mungu kachagua mtoto. Watu waliitikia kwa vichwa. Hakuna aliyebisha.

"Na mimi sikubisha," mama akasema. "Nikamzika nimemkasirikia. Kila misa ya marehemu nimemuombea kama mtu aliyekimbia."

Deo alipiga magoti pale kwenye maji yake mwenyewe. Mama akamshika mkono, akawa anamsugua kifundoni, pale palipokuwa na fundo, kana kwamba alama bado ipo.

"Ningemuuliza hivyo mtoto wa darasa la tatu?" akamwambia. "Ningekuuliza hivyo, baba?"

Sijawahi kumwona kaka yangu akilia. Mtu mzima yule, fundi, mikono myeusi ya oili. Alilia kwa sauti na mvua ikiifunika kidogo, ikimwonea huruma.

Nami nilisimama hapo nikiwa na simu mfukoni, na ndani yake watu wanaendelea kumcheka nahodha aliyekwenda kuoga.

Sasa nimeingia kwenye andiko la Ijumaa. Sikulifuta. Vinanda ni vibaya na nitasema ni vibaya mpaka kesho kutwa. Rangi ya mdomo isiyotoka ni dharau kwa maji ya ziwa hili. Tamthilia ni mbovu. Ndani ya tamthilia mbovu kulikuwa na kitu kimoja cha kweli, na mimi mwenye macho ndicho nilichokichagua nikicheke. Chini ya sentensi ile nimeandika kwamba yupo aliyevua shati ziwa likichafuka, na kwamba alikuwa baba yangu. Deo aliniruhusu. Alisoma mara mbili, akasema, "Weka." Vicheko vimekoma. Wengine wanaomba radhi, sijui wanamwomba nani.

Ninajiuliza ni mara ngapi nimesema "haiwezekani" nikiwa na maana ya "sijaiona mimi."

Mama na Deo wapo chumba cha mbele, wanaongea. Nasikia sauti ya Deo, nasikia mama anauliza, Deo anajibu, mama anauliza tena. Anataka yote: upepo ulitoka upande gani, baba alikuwa amekula nini asubuhi ile, alisema nini kabla ya hapo, na kabla ya hapo tena.

Kaburi liko Nansio. Mama hajavuka ziwa tangu mazishi. Misa zote anazisomesha huku. Kila aliyemwalika harusini kule alipewa sababu, na sote tulizikubali.

Ameniita sasa hivi, nimefungua mlango. Amesimama katikati ya chumba na gauni lake la kanisani mkononi, Deo nyuma yake ananiangalia, hata yeye haamini.

Anauliza meli ya Nansio asubuhi inaondoka saa ngapi. Ana neno la kumwambia mumewe, anasema, na limechelewa sana.