Mguu wa Breki

Jumatatu, 14 Julai

Nimeiosha tena pikipiki yangu. Kila Jumatatu, baada ya chai, kabla jua halijawa kali. Kabureta nimeifungua, plagi nimeisugua, nikapiga kiki. Ya tatu ikaitika. Moshi ukajaa uani, kuku wakahama. Mwanahawa akatoka na upawa mkononi, akauliza kama nimeoa mke wa pili. Nikamwambia ndiyo, na huyu mdogo haongei.

Vijana wa bodaboda wakipita hucheka. Babu, kiti kiko wapi? Hawajui kitu. Hii haikutengenezwa kukaliwa. Ni ya kupanda mawe, unasimama juu yake wima kama mlingoti. Gia ya kwanza inakwenda polepole kuliko bi harusi. Nimefika Mombasa, Moroni, Bombay, fundi wa injini za meli na darasa la tano langu. Sijaona mtu wa kunipita kwenye mawe. Bado namsubiri.

Jumatano, 16 Julai

Maganga hajapiga simu wiki ya tatu hii. Si kawaida yake kukaa hivyo bila kunitukana.

Sisi tulikuwa vibarua wa mhandisi mmoja mgeni, mjenga barabara. Alipoondoka alituachia pikipiki zake mbili. Nyekundu mimi, ya bluu Maganga. Kila Jumapili maji yakitoka tuko Mbegani, tunapanda miamba ya ufukweni. Sheria moja tu. Mguu ukigusa chini, mwenzio anapiga kelele, "Mguu!" Umeshindwa. Maganga alikuwa na sauti ya mnada. Yeye Mnyamwezi, mimi Mkwere, watani toka mababu, kwa hiyo kushindwa kulikuja na matusi ya halali.

Ya bluu ililiwa na chumvi. Klachi yake na pistoni yake zimo ndani ya yangu. Nikipiga kiki, nusu ya mlio ni wa Maganga.

Alhamisi, 17 Julai

Tatu, binti wa Maganga, kapiga simu toka Fukayosi. Sukari imeula mguu wa baba yake. Wa kushoto. Madaktari wanataka kuukata Jumanne, chini ya goti. Wakichelewa, sumu inapanda na Maganga anakwenda. Naye amekataa. Kasema atazikwa mzima. Shehe kazungumza naye, kaka zake wamezungumza, yeye kageukia ukutani. Tatu akaniambia mimi, baba, umebaki wewe. Wewe ndiye mtani wake.

Nimeogopa. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nimeogopa sana.

Ijumaa, 18 Julai

Sikwenda. Nimesingizia tairi. Tairi lenyewe zima.

Kwa mtani mgonjwa unaingia na mzaha. Hata mazikoni tunaingia nao, ndiyo kazi yetu. Leo sikuwa na mzaha hata mmoja. Mimi. Mwanahawa kanitazama, kanipikia uji kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Jumapili, 20 Julai

Nimekwenda. Pikipiki niliipakia kwenye gari la mananasi lililokuwa linarudi Kiwangwa tupu, nikaishusha Fukayosi njia panda. Nikaingia uani kwa Maganga nimesimama juu yake kama zamani. Magoti yalilia. Maganga alikuwa kalala barazani, uso ukutani. Nilipomwamkia hakugeuka. Nikaongeza moto. Mlio ule ndio uliomgeuza.

Nikaanza. "Kumbe ni wa kushoto? Si wa breki huo? Mnyamwezi, breki umewahi kuikanyaga lini wewe?" Kwenye hizi za zamani breki iko kushoto, na kweli hakuwahi. Wanawake wakashika midomo. Maganga hakucheka. Nikamwambia wakiukata hatakuwa na wa kutia chini upande ule, atanishinda mpaka kiyama.

Mizaha ikaniishia. Nikabaki na ukweli, nikautoa. Ule mwamba mkubwa wa Mbegani, ninaojisifia mpaka bandari za watu, siku ile ya umati. Nilitia mguu. Miaka arobaini nadanganya.

"Nilikuona," akasema.

Nikamuuliza mbona hakupiga kelele.

"Mwanahawa alikuwa anatazama. Ulikuwa hujamposa."

Nimelia mbele za watu. Nikamwambia, mtani, siku ile mguu wangu uliusitiri. Leo huu wako niachie mimi. Akanitukana Kinyamwezi, tusi refu lenye vituo. Lakini ndiyo hakusema. Nimerudi nyumbani sijui kitu.

Jumatatu, 21 Julai

Sikuiosha.

Jumanne, 22 Julai

Saa nne Tatu kapiga. Baba yake ameingia chumba cha upasuaji. Mwenyewe kawaambia manesi, wa kushoto ni wa breki, hana kazi nao. Sikula. Saa tisa kapiga tena. Yuko hai. Nimekaa chini pale pale uani, kwenye oili, na kanzu yangu nyeupe.

Jumamosi, 6 Septemba

Tumekwenda Fukayosi, mimi, Mwanahawa na pikipiki. Maganga amekonda, magongo kayazoea, anatukana vizuri. Akataka kupanda. Tatu akakataa. Tukampandisha.

Nilimkunjia khanga ya Mwanahawa juu ya madigadi ya nyuma, akakaa, akanishika kiuno. Mimi nimesimama mbele. Gia ya kwanza, polepole, tukauzunguka uwanja wake. Mzee mzima ananusa moshi kama waridi. Nilikuwa nawaza Mbegani, na najua naye alikuwa huko huko.

Kwenye kona ya jikoni akalalia kushoto, upande usio na kitu. Pikipiki ikamfuata. Nikatia mguu chini, nikaizuia.

"Mguu," akaninong'oneza kwa nyuma.

Hakupiga kelele. Mwanahawa alikuwa anatazama.