Mlenda wa Yusta

Jumapili, 4 Mei

Samahani, daftari. Miezi minane sijakugusa, tangu Elia azaliwe. Kila siku nasema leo nitaandika, kila siku usingizi unaniwahi. Sina la kujitetea zaidi ya hilo.

Leo nimefua, nimekinga maji kabla hayajakatika, nimenyonyesha, nimepiga pasi sare. Kisha tumekaa mlangoni na Yusta tukifunga mlenda kwenye vifuko. Ndicho kilichonirudisha kuandika.

Yusta ana miaka kumi na ana biashara. Nikiisoma hiyo sentensi nacheka. Ilianzia kwenye hotpoti yangu. Nafanya usafi ofisini, nakula nilichobeba. Dada mmoja wa masjala, mtu wa Bukoba, akaomba kuonja mlenda wangu. Siku ya pili akataka wa kupika kwake. Nikamwambia Yusta kwa mzaha, kauze wewe. Akaenda kweli. Akarudi anatembea wima kama askari.

Mlenda wenyewe ni wa mama yangu, kijijini upande wa Mpwapwa. Majani ya porini. Anachuma wakati wa mvua, anaanika juu ya mwamba, anatwanga. Ametugawia nusu ya akiba yake ya kiangazi. Amesema mjukuu wake aanzie hapo.

Jumatano, 7 Mei

Niseme kwa nini nahangaika hivi. Yusta ana kigugumizi. Neno baya kuliko yote kwake ni shikamoo. Linakwama pale mwanzo, uso unakaza, mtu mzima keshapita. Wanasema mtoto wa Mama Yusta hana adabu. Hawamwambii yeye, wananiambia mimi. Mwaka jana aliacha kabisa kuamkia. Akiona mtu mzima anabadili njia. Darasani hanyooshi kidole.

Ila akibisha hodi na kapu lake, anaongea. Anakwama vilevile, lakini haondoki. Kapu linamshikilia pale mlangoni. Leo nimejibanza nyuma ya ukuta wa jirani nimsikilize. Shi, shi, shi, mpaka ikatoka. Halafu akaeleza: maji kidogo, magadi kiduchu, karanga weka mwisho, usikoroge kama uji. Maneno yote hayo, mtoto wangu. Nikalia pale kama mjinga. Elia mgongoni ananivuta nywele.

Hela yenyewe ni ya madaftari na sabuni, haiishi hata wiki. Mimi nataka aendelee kubisha hodi. Basi.

Jumamosi, 10 Mei

Tumepata mteja mkubwa. Bi Zuhura, mwenye mgahawa Makole. Watu wa mjini hasa, babu zao walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Wageni wa maofisini wanamuuliza chakula cha Dodoma, naye amechoka kuwapa pilau. Anataka mlenda kila Jumatatu.

Alimtazama Yusta kuanzia viatuni. "Mwenye mali ni wewe au mama yako?"

Yusta akajigonga kifua. "Mi-mi-mimi."

"Basi mama kakae kule, tunaongea biashara."

Nikakaa kule.

Baba Yusta amerudi kutoka karakana Kizota, macho mekundu kwa kuchomelea mageti. Nimemsimulia. Amesema kumbe ameoa kwa matajiri. Akalala na viatu.

Jumatano, 14 Mei

Mlenda wa Jumatatu Bi Zuhura ameusifu. Lakini wa mama umebaki kidogo tu, chini kabisa kwenye kopo. Yusta anasema tununue majani mabichi sokoni tuanike wenyewe. Nimekubali. Aanike juu ya bati la banda, nimemwambia mara mbili. Elia anaota meno. Nimechoka mpaka kope.

Jumapili, 18 Mei

Upepo wiki nzima, na vumbi lake. Yusta ametwanga mwenyewe kwenye kinu cha jirani. Amekuja na bakuli nionje. Kwetu hakuna kuuza bila kuonja. Mama huweka kidogo ulimini, anasaga na meno ya mbele, ndipo anafunga. Mimi nilikuwa nimejilaza, Elia kifuani, ndiyo kwanza amesinzia. Nimemwambia funga tu.

Jumatatu, 19 Mei

Mchanga.

Bi Zuhura kapiga simu mchana, nikiwa nadeki. Sufuria zima limemwagwa. Mteja katema mbele za watu. "Mama Yusta, mmeniuzia mlenda au mmeniuzia barabara?"

Nikamaliza kudeki, nikawahi nyumbani.

Yusta hakuanika juu ya bati. Ngazi ilikuwa imeazimwa. Alitandika gunia uani, pembeni ya mafundi wanaojenga kwa jirani. Nimemuuliza kwa ukali kwa nini, akanionyesha kwa mikono: bibi anaanika chini. Ni kweli. Amemuona bibi yake akianika chini tangu anajua kutembea. Lakini chini ya kule ni mwamba. Chini ya huku ni vumbi la Ipagala.

Hakulia. Kasukuma kapu chini ya kitanda. Tangu hapo hajasema neno. Wakati wa kula, akitaka chumvi ananyoosha kidole.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia lazima arudi kwa kila aliyemuuzia. Nyumba tatu za hapa jirani na Bi Zuhura. Ametikisa kichwa. Nimemwambia ukiharibu unarudi ulikoharibu, hiyo nayo ni kazi ya mwenye biashara. Ametikisa kichwa tena. Nimesema kesho baada ya shule, na maneno yameisha.

Baba yake ananiona mkatili. "Nenda wewe, mtoto mwache." Nimekataa. Nikienda mimi, mlango wa watu hataubisha tena. Tutarudi kule kwa mwaka jana.

Lakini naogopa. Nikimlazimisha neno likamgomea mbele ya watu, je? Labda ndiyo namvunja moja kwa moja.

Na kuna hili. Aliyesema funga tu ni mimi. Sijamwambia mtu. Jana nilimkaripia kana kwamba sikuwemo. Najiona mnafiki.

Jumatano, 21 Mei

Nimemwambia asubuhi, nikimfunga vifungo vya shati. Uliniletea nionje, sikuonja. Kosa ni letu wote wawili. Amenitazama sana. Akachukua mkoba, akaenda shule. Ila jioni nimerudi kazini nimekuta kapu liko mlangoni na yeye kavaa viatu.

Nyumba ya kwanza walikuwa hawajapika, wakarudisha kifuko bila shida. Ya pili walishapika, wakatupa, wakacheka tu. Ya tatu, mwenye nyumba akasema kwa ndani, kwa sauti ya kusikika, "Bubu leo kaja na wakili." Jibu nilikuwa nalo, tena la moto. Nimelimeza kwa sababu Yusta alikuwa bado anaongea. Alimaliza. Akamwachia hela yake kizingitini.

Kisha Makole. Bi Zuhura yuko kwenye mbuzi anakuna nazi. Yusta akasimama mbele yake. Shikamoo ikakataa. Ikakataa tena. Shingo imetoka mishipa. Wateja wawili wakageuka. Nilishafungua mdomo nimsaidie. Bi Zuhura akaninyooshea kidole, bila hata kunitazama, nikafunga mdomo. Akaendelea kukuna nazi taratibu, kama mtu asiye na haraka na kitu chochote.

Ikatoka.

"Marahaba mwanangu. Ehe?"

"Nili-nilianika chini. Si-sikuchekecha. Naomba msamaha."

Nikadakia: na mimi sikuonja, Bi Zuhura.

"Wewe nimekuuliza?" Akamgeukia Yusta. "Jumatatu unaleta, huleti?"

"Sina. Mpaka bi-bibi apate."

"Vizuri. Angenidanganya mwingine hapo. Ukipata utaleta, nitaonja mbele yako. Ukinikwaruza meno, biashara imekufa. Umesikia?"

Kasikia. Hakukumbatiwa wala hakupewa soda. Tumerudi kwa miguu. Nilitaka kumsifia, nikaona nisiharibu. 

Jumamosi, 24 Mei

Sijui kama nilifanya vizuri. Nawaza nikiwa nadeki, nawaza nikinyonyesha. Mwalimu wake anasema darasani bado hanyooshi kidole. Nilidhani siku moja ingebadilisha kila kitu. Haikubadilisha.

Lakini leo asubuhi nimemtuma dukani. Kumbe njiani kakutana na mzee wa mtaa wa nyuma. Shikamoo ikakwama, mzee akapita zake kama kawaida ya watu. Yusta kageuza njia, kamfuata nyuma nyumba nne mpaka akaimaliza. Mzee kaja mwenyewe kunisimulia, mbavu hana. "Mama Yusta, nilidhani nimedondosha kitu!"

Alhamisi, 29 Mei

Elia katoa jino. Analala. Upepo umepungua. Uani kumetulia, mafundi hawapo leo.

Jumamosi Yusta anampigia bibi yake simu. Yeye mwenyewe, ameomba. Simu huwa haigusi. Akikwama, wa upande wa pili anadhani ni mtandao, anakata. Nimemwonya mama asikate hata kukiwa kimya. Amesema, "Mimi nina haraka ya kwenda wapi?"

Yusta anataka ashike mkononi orodha ya vitu vya kumwomba bibi. Nimeandika ya kwanza kwa maneno mepesi, yasiyomkwamisha. Kaisoma, karudisha. Chujio si jina lake, anasema, bibi analiita chekeche, andika chekeche, hata likinikwama. Nimeandika. Naiweka na hapa, karatasi isije ikapotea:

Mlenda wa mwambani, nusu debe. Usizidi, bibi abaki na wa kwake.

Karanga, sado mbili.

Magadi, kipande kimoja.

Chekeche la matundu madogo.

Mkeka wa kuanikia, ule mpana.

Kinu kidogo na mchi wake, kama basi litakubali kukibeba.