Mama, Siku Uliyompigania Bwana Shauri

Mpendwa Mama,

Tangu tukuzike hapa Karema, kila anayekuja kunipa pole huishia kusema, "Mama yako alikuwa mpole." Naitikia tu. Hawakukuona alasiri ile umeshika mchi, damu ya baba mdogo Vitalis imekurukia kifuani.

Yote yalianza na sisimizi. Tulikuwa tumehamishiwa kijiji cha ujamaa, nyumba zimebanana hata jirani akikohoa unamwambia pole. Paka wetu, Bwana Shauri, alikuwa anakonda ingawa alikula kuliko sisi. Alikunywa maji mpaka ya kwenye beseni la kufulia, na kila alipokojoa sisimizi walijaa. Ulichuchumaa ukawatazama.

"Hata kwangu walikuja hivi hivi," ukasema.

Ulikuwa unaishi na kisukari, ukijichoma sindano kila asubuhi. Ulimtia paka kwenye kapu ukampeleka zahanati ya misheni. Sista alicheka, lakini akauchemsha mkojo uliomkingia, pamoja na dawa ya buluu ya kupimia sukari, kwenye kichupa cha kioo. Buluu ikageuka nyekundu kama tofali. Akaacha kucheka. Alikupa insulini iliyoachwa na mgonjwa aliyefariki, akakuonya: "Tone tu, Mama. Na asipokula, usimchome. Sukari ikishuka sana inaua upesi kuliko ikipanda."

Ulimwachisha ugali, ukawa unamlisha dagaa na samaki wa migebuka. Manyoya yakaanza kung'aa. Lakini kijijini ilishavuma kwamba yule mjane anamchoma paka sindano. Baba mdogo, ambaye tangu Baba afariki alisema wewe ndiwe uliyemroga kaka yake, sasa akaona amepata ushahidi.

Siku hiyo Bwana Shauri alikula, akachomwa, kisha akaenda kutapika chakula chote nyuma ya nyumba bila sisi kujua. Baadaye akaanguka uani, miguu imekakamaa, mate yanamtoka. Watoto wa jirani wakapiga kelele. Baba mdogo akaja na kafi la mtumbwi, watu nyuma yake wameshika mawe.

"Shetani huyo! Leo namaliza kazi!"

Pigo la kwanza lilimvunja paka mguu wa nyuma. Nilisikia mfupa. La pili ulilipokea wewe, Mama. Ulijitupa juu yake, bega lako likalia kama kuni kavu. Jiwe likakupasua kichwa. Nilidhani wanakuua mbele yangu. Ukainuka na mchi kwa mkono mmoja, ukamtwanga baba mdogo mdomoni. Akaanguka, akatema meno. Ukamsimamia, mchi juu, nami nikajua utamuua.

"Asali!" ukaniambia, macho hujayatoa kwake. "Mpake paka kwenye fizi. Haraka!"

Nilichovya kidole, nikampaka. Punde akameza, akafumbua macho, akanilamba kidole.

"Mmeona? Kafufuka! Mchawi huyu!" baba mdogo akasema, damu imemjaa kinywani.

Mama Leokadia, jirani yetu, akaliangusha jiwe lake chini. "Nyie, mchawi gani anatibiwa kwa asali?"

Wakaondoka mmoja mmoja, wa mwisho wamembeba baba mdogo.

Mguu wa paka uliunga vibaya. Kufika masika, mkojo wake ukawa unabaki buluu kwenye kichupa cha Sista, nawe ukaacha kumchoma. Alichechemea akiwinda panya mpaka uzee ukamchukua. Bega lako halikuunga. Hukuweza tena kunisuka nywele.

Mama, nakukumbuka kwa hasira kuliko kwa machozi. Siku ya mazishi yako baba mdogo alinifuata kaburini, akaniomba nimsamehe kwa niaba yako. Nilikuwa nimeshika koleo la udongo, nikalishika mpaka viganja vikauma. Nikamwambia bega halikuwa langu.

Lala, Mama. Hapo ulipo hakuna wa kukuinulia mkono.

Ni mimi, binti yako wa pekee.